Jibu: Kupamba ukurasa kwa kipanya au kuandika CSS kwa mkono?

Ndugu uliyeuliza, nimekusoma mara mbili. Unasema ulijenga ukurasa kwa programu ya kuburuta vitu kwa kipanya, na sasa kila ukibadilisha rangi ya kitufe ndani ya faili lako la CSS, yaani sheria za mwonekano wa ukurasa, kitufe hakigeuki. Wenzako wamekwambia uachane kabisa na zana za kuona kwa macho. Hapo sikubaliani nao, maana zana hizo ndizo zilizonifundisha CSS. Ila ziko zinazokuonyesha sheria zilivyo na ziko zinazokuficha, na wewe umeanza na zinazoficha, kama nilivyoanza mimi.

Kazi yangu ya kwanza ya kulipwa ilikuwa ukurasa wa mama mmoja muuza leso, yaani khanga, pale Biashara Street. Niliburuta picha, nikazipanga, kwenye kompyuta ukapendeza. Nikampelekea dukani. Akaufungua kwa simu yake, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, leso umezikata pindo. Nani atanunua leso asiyoiona pindo?"

Alisema kweli. Leso ni pindo la kuzunguka, mji wa katikati na jina, yaani yale maandishi yake, na mnunuzi wa hapa Mombasa akikosa kimoja hajaiona leso bado. Picha zote zilikuwa zimekatwa kushoto na kulia. Nikamwomba radhi, nikarudi nyumbani Tudor, nikaivuta picha huku na huku ndani ya programu ile hadi usiku, wala haikusaidia.

Kilichosaidia ni kufungua ukurasa ndani ya Chrome, kubofya picha kwa kitufe cha kulia cha kipanya na kuchagua kukagua (Inspect). F12 pia hufungua zana hizohizo, yaani kikaguzi. Upande mmoja unaiona HTML, yaani muundo wa ukurasa, upande wa pili sheria zote za CSS zinazoigusa picha ile. Nikakuta `object-fit: cover`, yaani picha ijaze kisanduku hata kama kingo zitakatwa. Kisanduku kilikuwa mraba, na leso ni karibu mita moja na nusu kwa mita moja, kwa hivyo lazima kitu kikatwe. Nikabofya neno `cover`, nikaandika `contain`, na pindo zikarudi pande zote nne palepale, bila kuhifadhi faili wala kula bando. Baadaye nikakipa kisanduku chenyewe `aspect-ratio: 3 / 2`, ndipo na ile nafasi tupu ya juu na chini ikaondoka.

Sasa kitufe chako. Kikague hivyohivyo, uitafute rangi uliyoiandika. Nina hakika kubwa utaikuta imepigwa mstari katikati. Mstari huo maana yake kivinjari kimeisoma sheria yako, ila nyingine imeishinda. Programu za kuburuta hupenda kuandika mtindo ndani ya elementi yenyewe, yaani kile kipande cha ukurasa kama kitufe au picha, kwenye `style`, au kuita elementi kwa kitambulisho chake, kile kinachoanza na alama ya `#`. Kitambulisho kimoja huzishinda klasi, yale majina ya makundi yanayoanza na nukta, hata ukizipanga kumi, na mtindo ulioandikwa ndani ya elementi huvishinda vyote viwili. Utashawishika kubandika `!important`, neno la kulazimisha sheria ishinde. Usifanye hivyo. Leo kitufe kitatii, na mwezi ujao hutajua kwa nini kitufe kingine kimegoma. Nenda kwenye sheria iliyoshinda, uifute au uibadilishe hapohapo. Kikaguzi kinakuonyesha jina la faili na nambari ya mstari.

Ukiwa humo, shuka uangalie mchoro wa visanduku vinavyoingiana. Mimi niliuelewa nilipoufananisha na leso. Maandishi au picha yako ndiyo mji. Uwazi kati ya mji na pindo ni `padding`. Pindo ni `border`. Na nafasi kati ya leso moja na nyingine zikitundikwa dukani ni `margin`. Kisanduku changu nilikiandikia upana wa pikseli 300, padding 20 kila upande na pindo la 5. Jumla 350. Ongeza margin ya 10 kila upande unapata 370, na simu nyingi zina upana wa 360 kwa hesabu ya CSS. Ndiyo maana ukurasa ulikuwa ukiyumba kando mtu akiugusa. Kwa `box-sizing: border-box`, ile 300 inahesabu padding na pindo humohumo. Namba za mchoro ule unaweza kuzibofya mara mbili na kuzibadilisha. Mshale wa juu huongeza 1, ukishika Shift huongeza 10. Nikicheza na namba hivyo kwa dakika tano najifunza zaidi ya nikisoma maelezo kwa saa nzima.

Rangi nayo usiichague ukiwa chumbani tu. Majina ya leso niliyaandika kwa kijivu `#999` juu ya nyeupe. Nje ya duka, jua la saa saba mchana, mama hakuyaona kabisa. Bofya kile kimraba cha rangi kando ya thamani, Chrome itakuonyesha uwiano wa mwangaza kati ya maandishi na usuli wake. Wangu ulikuwa 2.85, na WCAG, mwongozo wa kufanya kurasa zisomeke na kila mtu, unataka angalau 4.5 kwa maandishi ya kawaida. Juu ya nyeupe, `#767676` inavuka kwa shida. Nikashuka hadi `#595959`, inayofika 7, na yakasomeka juani.

Firefox iwe nayo pia. Sifa isipofanya kazi, mfano umeipa `width` (upana) elementi ya `span`, ile inayokaa ndani ya mstari wa maandishi, huififisha na kuweka alama kando. Ukiielekezea kipanya inakueleza sababu. Na gridi yako, yaani mpangilio wa safu na safuwima, huichorea mistari yenye namba juu ya ukurasa wenyewe.

Jambo moja liliniuma, lisikupate: unayobadilisha ndani ya kikaguzi hayaingii kwenye faili lako. Nilipoteza kazi ya jioni nzima kwa kuupakia ukurasa upya. Vivinjari vyote viwili vina kidirisha kinachoorodhesha mabadiliko. Kila nikipata kitu kinachonipendeza nakinakili pale, nakiandika kwenye faili kwa mkono wangu, kisha naendelea.

Kikague kitufe chako usiku huu. Ukiukuta mstari uliokatwa, unakili pamoja na ule ulioushinda, uibandike yote miwili hapa chini tuitazame.