Barua kwa mwanangu: uliuliza kama Wasumeri waliamini kweli

Mwanangu mpendwa,

Salamu zako zimefika, na sisi huku hatujambo. Umeniandikia kwamba ulikwenda makumbusho ya Louvre, Paris, ukasimama mbele ya sanamu ya Gudea, mtawala wa Lagash, mji wa Wasumeri, ile iliyoketi, haina kichwa, mikono imefumbatwa kifuani na ramani ya hekalu imelazwa mapajani. Ulipofahamu kwamba sanamu hiyo ilikuwa ikipelekewa bia na mkate, ukaniuliza: "Mama, hawa Wasumeri waliamini kweli kwamba jiwe litawaombea, au dini ilikuwa njia ya wakubwa kula shayiri ya wakulima?" Nimefundisha historia karibu maisha yangu yote ya kazi, na swali hili nalipenda mno kulijibu kwa mstari mmoja wa simu.

Tuanze na jiwe lenyewe. Kusini mwa Iraki, ilikokuwa Sumeri, hakuna mawe ya kuchonga. Mali ya nchi ni udongo, matete na maji. Dioraiti, jiwe lile gumu jeusi la sanamu, ilitoka Magan, nchi ambayo wataalamu wengi wanasema ni Oman ya leo na maeneo ya jirani, ikavushwa Ghuba hadi Lagash. Gudea, aliyetawala miaka ya 2120 KK hivi, ameeleza kwa maandishi juu ya sanamu hiyohiyo kwa nini alilichagua: si fedha, si lazuli (kito cha buluu), si shaba, kwa hiyo hakuna atakayelichukua kutengenezea kitu kingine. Kisha akaiwekea posho ya kila siku: lita moja ya bia, lita moja ya mkate, nusu lita ya unga na nusu lita ya nafaka iliyopondwa. Kisha akaiagiza iseme na mungu wa mji, Ningirsu, kwa niaba yake.

Fikiria hapo. Huyu alikuwa na uwezo wa kujichongea kitu cha kung'aa ili watu washangae. Akatafuta jiwe lisilomtamanisha mwizi, kwa sababu alitaka sauti yake isikike hekaluni hata atakapokuwa amekufa. Mimi nasadiki kwamba Gudea aliamini.

Wala hakuwa peke yake, na si watawala tu. Huko Tell Asmar, kaskazini kidogo katika bonde la Diyala, wachimbaji walioongozwa na Henri Frankfort walikuta miaka ya 1930 sanamu kumi na mbili zimezikwa pamoja chini ya sakafu ya hekalu. Ni za karne kadhaa kabla ya Gudea. Mikono imeshikana kifuani, macho ni makubwa kupita kiasi, yametazama mbele bila kupepesa. Mtu alikuwa na shamba la kumwagilia, kondoo wa kuchunga, mtoto mwenye homa nyumbani. Hawezi kusimama mbele ya mungu usiku na mchana. Sanamu yake ikasimama badala yake.

Sasa upande wa pili wa swali lako. Ndiyo, shayiri ililiwa, tena nyingi. Kule mvua ni haba mno, na bila mfereji hakuna shamba. Mito ya Frati na Tigri hujaa majira ya kuchipua, nafaka ikikaribia kuvunwa, yaani maji huja kwa wingi wakati ambao mkulima hayataki. Lazima kuwe na kingo, malango ya maji, watu wa kuzoa tope kila mwaka, na mtu wa kuwapanga na kuwalisha. Hekalu lilikuwa mmoja wa wapangaji hao wakubwa. Lilikuwa na mashamba, ng'ombe, maghala, viwanda vya bia na nyumba za kufumia sufu. Mabamba mengi ya udongo tuliyorithi kutoka kwao ni hesabu: nani kapewa nini. Wakati wa ufalme wa tatu wa Ur, karibu na 2050 KK, posho ya kawaida ya mwanamume kibarua ilikuwa lita 60 za shayiri kwa mwezi, ya mwanamke 30. Wafumaji walikuwa wanawake, wengi wakiwa na watoto wao hapohapo kazini, na baadhi yao walikuwa mateka wa vita. Hilo usilipambe. Ukisoma orodha zile, unaona mikono iliyochoka.

Lakini hao waliochoka nao walikuwa na maelezo yao. Katika hadithi ya mungu Enki na mungu wa kike Ninmah, miungu wadogo ndio waliokuwa wakichimba mifereji na kubeba udongo, wakachoka, wakanung'unika, na binadamu akafinyangwa kwa udongo ili aubebe mzigo ule. Unaweza kusema ni hadithi iliyotungwa ili mtu akubali kazi. Haya, lakini endelea kuisoma. Kwenye karamu ya kusherehekea, Ninmah anaumba watu wenye ulemavu mbalimbali ili kumjaribu Enki, na Enki anamtafutia kila mmoja nafasi yake: asiyeona anapewa sanaa ya muziki na kuwekwa mbele ya mfalme. Mtu aliyetaka watumwa tu asingehangaika na sehemu hiyo. Aliyeisimulia alikuwa amewaza sana mtu asiyefanana na wengine aishije.

Tena ukitaka kuijua dini yao usikae sana kwenye zigurati, ule mnara wa hekalu la Ur, ingawa ni mkubwa na unapendeza kwenye picha. Ingia nyumbani. Kila mtu alikuwa na mungu wake binafsi, mdogo, aliyemfahamu kama mzazi anavyomfahamu mtoto. Mungu mkubwa kama Enlil wa Nippur alikuwa mbali mno kwa mkulima wa kawaida. Kwenye mihuri yao ya kuviringisha, hasa ya kipindi cha Ur nilichokitaja, utaona mara nyingi picha moja: mungu mdogo amemshika mtu mkono akimpeleka mbele ya mkubwa aliyeketi. Ni kama mshenga kwetu. Huendi mwenyewe kuposa. Na mtu alipougua au kupatwa na hasara, alihisi kwamba mungu wake amempa mgongo, akalia na kuomba amrudie. Ni sala za mtu anayejiona ameachwa na mlezi wake.

Kalenda yao pia ilijaa jambo hilo. Huko Lagash kulikuwa na mwezi ulioitwa kwa sherehe ya kula shayiri ya Ningirsu. Kwa mwandamo wa mwezi kulikuwa na sadaka maalumu. Mkulima hakuwa na saa ya dini na saa ya kazi. Siku ya kupanda, siku ya kuvuna, siku ya kukata manyoya ya kondoo, zote zilikuwa na mungu wake.

Nimekuwekea mauti mwisho kwa sababu hapo ndipo ninaposoma taratibu. Wafu walihitaji maji na chakula kutoka kwa walio hai. Kuna shairi la Kisumeri ambamo mfalme Gilgamesh anaiuliza roho ya mwenzake Enkidu habari za kuzimu, mtu mmoja baada ya mwingine. Aliyeacha watoto wengi ana hali nzuri. Asiye na wa kumtolea sadaka anakula makombo yaliyotupwa njiani. Kisha Gilgamesh anauliza habari za watoto wake waliozaliwa wafu, ambao hata dunia hawakuijua. Roho inamjibu kwamba wanacheza kwenye meza ya dhahabu na fedha, yenye asali na samli. Mwanangu, unajua kwamba kabla yako nilizika mtoto. Mstari ule haukuandikwa na mtu anayekusanya kodi. Uliandikwa na mtu aliyekuwa akiwafikiria wazazi.

Na bado mazishi yenyewe yaligeuzwa biashara, na hapa swali lako la ulaji linapata jibu kutoka kwao wenyewe. Urukagina, aliyetawala Lagash karibu na 2350 KK, aliandika kwenye koni za udongo mambo aliyoyakuta. Maiti ilipopelekwa kaburini, mhusika wa mazishi alichukua mitungi saba ya bia na mikate 420, na shayiri, na nguo, na mbuzi, na kitanda. Urukagina anasema aliishusha iwe mitungi mitatu na mikate 80. Ng'ombe wa miungu walikuwa wakilima bustani za vitunguu za mtawala. Kuhani alikuwa akiingia katika bustani ya mama maskini, akikata miti na kubeba matunda. Hilo nalo likakatazwa. Mwisho anasema alifanya agano na Ningirsu kwamba mjane na yatima hawatatiwa mikononi mwa mwenye nguvu.

Naujua mjadala wa wasomi, kwamba mfalme anayetangaza usafi wake huenda anajitafutia sifa, na yawezekana. Lakini angalia ni kwa jina la nani anawashitaki makuhani: kwa jina la mungu wao wenyewe. Mwenye kudhulumu katumia dini, na mwenye kudhulumiwa naye kaishika dini hiyohiyo kudai haki. Ndiyo maana siwezi kukubali kwamba ilikuwa njia ya ulaji tu. Chombo cha wakubwa peke yao kisingemfaa yatima hata kidogo.

Urukagina hakudumu. Lugalzagesi, mtawala wa mji jirani wa Umma, alivamia Lagash, akachoma mahekalu, akachukua fedha na lazuli, akabeba shayiri ya mashamba ya Ningirsu. Mwandishi mmoja wa Lagash aliorodhesha uharibifu ule kwenye bamba, hekalu baada ya hekalu. Kisha akaandika kwamba mtu wa Umma ametenda dhambi dhidi ya Ningirsu, kwamba Urukagina hana dhambi yoyote, na kwamba dhambi hiyo aibebe shingoni Nisaba, mungu wa kike wa Lugalzagesi. Mji umekwisha kuungua, ghala ni tupu, hakuna tena wa kumtoza wala wa kumlipa, naye bado anafungua kesi mbele ya miungu. Ukipata nafasi tena, tafuta maandishi ya Urukagina palepale Louvre, kisha uniandikie ulivyoona.

Mama yako akupendaye