Jibu: Tukihamia uwanja mpya, kelele zitabaki?

Habari mkuu. Umeuliza kama klabu yako ikihama, uwanja mpya unaoingiza watu wengi zaidi utakuwa na kelele kama ule wa zamani.

Idadi ya viti weka kando kwanza. Chukua ramani ya uwanja mpya, pima umbali kutoka mstari wa pembeni hadi kiti cha mbele. West Ham, klabu ya London, walitoka uwanja wao wa zamani wa Upton Park mwaka 2016 wakaingia London Stadium, uliojengwa kwa ajili ya Olimpiki ya 2012. Viti vya chini vinasogezwa mbele kufunika njia ya riadha, lakini pengo bado lipo na mashabiki wanalilalamikia mpaka leo.

Kisha jukwaa la nyuma ya goli. Likikatwa katikati na vyumba vya matajiri, wimbo ulioanzia chini unawafikia wa juu umechelewa, kila upande unaimba wake. Tottenham, klabu nyingine ya London, walilikwepa hilo: jukwaa lao la kusini, lililofunguliwa 2019, ni mteremko mmoja wa watu wapatao 17,500. Paa nalo lisiwe juu sana, la sivyo sauti itapotelea juu.

Kitu ambacho mchoro hauonyeshi ni mgao wa viti. Waimbaji wakitawanywa wakati wa kuhamisha tiketi za msimu, hata paa zuri halisaidii. Daini eneo moja la kusimama lenye vyuma vya kushikilia (katika ligi mbili za juu za England limeruhusiwa tangu 2022), na mlidai kabla mauzo ya tiketi hayajafunguliwa. Mtu akishalipia kiti, kumhamisha ni vita.