Shotigani ya risasi moja iliyotumika: ikague hivi, na uilishe risasi zake

Mkuu, umeuliza kama H&R Topper au Pardner iliyotumika, yaani shotigani ya risasi moja inayofunguka kwa bawaba, ya geji 12 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu), inamfaa mtu anayeanza kulenga visahani vinavyorushwa hewani na kuwinda sungura hapo Ohio, au usubiri upate hela ya bunduki inayojipakia yenyewe. Inafaa, na mimi ningeichukua. Topper na Pardner ndani ni kitu kilekile, tofauti kubwa ni urembo wa nje, kwa hiyo usiongeze dola kwa ajili ya jina. Ila utengenezaji wake ulisimama mwaka 2015, maana yake kila utakayoiona imeshapita kwenye mikono ya watu. Hizi hununuliwa kwa macho na vidole.

Kwanza suala la karatasi, maana wengi wetu tuko huku kama wahamiaji. Mwenye green card (kibali cha ukaazi wa kudumu) anaruhusiwa kununua. Mwenye viza ya muda, ya masomo au kazi, sheria ya shirikisho inamkataza, isipokuwa awe na kitu kama leseni halali ya uwindaji. Usikubali kununuliwa na rafiki kwa jina lake. Hilo ni kosa la jinai kwenu nyote wawili.

Sasa ukaguzi. Fungua bunduki, tazama chemba (sehemu ya nyuma ya mtutu inapokaa risasi), ingiza na kidole uhakikishe haina kitu. Chungulia mtutu ukielekea kwenye mwanga: unataka duara safi linalong'aa. Madoa madogo ya kutu ya zamani hayaiui bunduki, lakini ukiona kivuli cha pete kinachozunguka ndani, na ukipitisha vidole nje mahali hapohapo unahisi uvimbe, rudisha. Mtutu huo ulishafyatuliwa ukiwa umeziba. Halafu ifunge, ishike mtutu kwa mkono mmoja na kitako kwa mwingine, uikunje kushoto na kulia. Isicheze. Iinue dhidi ya taa utazame pale mtutu unapokutana na fremu, yaani kiwiliwili cha chuma cha bunduki. Ukiona mwanga unapita, bawaba imeliwa, na fataki za risasi (vile vidude vya kitakoni mwake vinavyowasha baruti) zitaanza kusukumwa nje au kutogongwa sawasawa.

Nyundo nayo ina jambo lake. Kwenye Topper na Pardner za miaka ya karibuni kuna kipande cha chuma kinachopanda kati ya nyundo na pini pale tu unapovuta kifyatulio. Bunduki ikiwa tupu, ikoki kwa kuvuta nyundo nyuma, vuta kifyatulio huku umeishikilia nyundo kwa dole gumba, ishushe taratibu, utakiona kimesimama katikati. Ukiachia kifyatulio, kinashuka. Bunduki nyingi za zamani za bei hii hazina kitu hicho. Nyundo yake ikigongwa kwa nyuma risasi ikiwa ndani, inaweza kulipuka. Ukiipenda ya namna hiyo, basi itembee ikiwa imefunguliwa wazi, na ifungwe tu wakati wa kupiga.

Pima pia urefu wa mtutu kuanzia uso wa nyuma uliofungwa mpaka mdomoni. Chini ya inchi 18, yaani sentimeta 45.7, au bunduki nzima chini ya inchi 26, ni silaha inayohitaji kusajiliwa serikali kuu. Watu hukata kwa msumeno gereji na kuuza bila kusema. Hata iliyokatwa ikabaki ndefu kisheria imeshapoteza choki yake, yaani ule ubano wa mdomo wa mtutu unaokusanya marisau pamoja, kwa sababu choki iko kwenye sentimeta chache za mwisho.

Kwenye risasi ndiko watu wanakoumia, kwa hiyo nivumilie. Soma maandishi ya ubavuni mwa mtutu: geji na urefu wa chemba, milimita 70 (inchi 2¾) au 76 (inchi 3). Urefu ulioandikwa kwenye risasi ni urefu wa ganda baada ya kufyatuliwa, mdomo ukiwa umefunguka. Ndiyo maana risasi ya milimita 76 inaweza kuingia kabisa kwenye chemba ya 70 na bunduki ikafunga bila shida. Ukifyatua, mdomo wa ganda hauna nafasi ya kufunguka, marisau (zile punje zinazoruka) yanabanwa, na shinikizo linapanda kupita lile fremu ilitengenezewa. Kwamba imeingia si ushahidi kwamba inafaa.

La pili ni baya zaidi: risasi ya geji 20 ikiingia kwenye bunduki ya geji 12 hupita chemba na kukwama mbele yake. Ukichungulia haraka unaona chemba tupu, unaweka ya 12 nyuma yake, na mtutu unapasuka jirani na mkono wako wa kushoto. Ndiyo sababu risasi za geji 20 hutengenezwa za manjano. Usichanganye geji mbili kwenye mfuko mmoja, kamwe.

Kwa kuanzia nunua risasi zenye marisau ya gramu 24 au 28, namba 7½ au 8 (namba ni ukubwa wa punje). Bunduki hizi nyingi zina uzito wa kilo 2.5 hivi, wakati ya kujipakia huwa kilo 3.2 au zaidi. Kwa risasi ileile, teke la hii linazidi kwa robo na ushee. Ukiweka magnamu, yaani risasi nzito, ya inchi 3 yenye marisau ya gramu 50, teke linafika karibu mara tatu ya lile la gramu 28, na hapo mtu huanza kufumba macho kabla ya kuvuta. Tabia hiyo ikishaingia ni kazi kuitoa. Hela uliyookoa weka kwenye mpira mzuri wa kitako wa sentimeta 2.5. Kama kitako ni cha plastiki chenye uwazi ndani, tia mfuko wa marisau ya gramu 300 hadi 400, ukazwe usicheze. Hapo utaisikia imetulia begani.

Choki: nyingi zina choki moja isiyobadilika, iliyobana (Full) au ya kati (Modified). Iliyobana inatakiwa kuweka asilimia 70 ya marisau kwenye duara lenye kipenyo cha sentimeta 76 kwa umbali wa mita 36. Tundika karatasi yenye mita moja kila upande, piga tatu, kila moja karatasi yake, chora duara, hesabu. Gramu 28 za namba 7½ ni marisau kama 350, kwa hiyo tafuta 245 humo ndani. Kama kundi lote liko chini ya ulipolenga, ongeza kipande cha sponji juu ya kitako pale shavu linapokaa. Jicho likipanda, marisau yanapanda. Kwa bata kumbuka marisau ya madini ya risasi (lead) yamekatazwa Marekani nzima tangu 1991, na ya chuma hayafai kwenye choki iliyobana ya mtutu wa zamani. Kwa sungura wa mita 20, choki ya kati ndiyo raha.

Mambo yanayoharibika hayako mengi. Bunduki kufunguka yenyewe ukifyatua: mara nyingi ni grisi na masizi kwenye lachi (kifungio cha mtutu) na kwenye jino la chini ya mtutu inapokamata. Safisha kwa petroli, kausha, na hapo pabaki pakavu. Grisi iende kwenye pini ya bawaba tu. Kugonga bila kulipuka: subiri sekunde 30 mtutu ukiwa umeelekea salama, ndipo ufungue, utazame alama kwenye fataki. Ikiwa hafifu, tundu la pini lina uchafu au springi imechoka. Mlio ukitoka mdogo kuliko kawaida, simama, fungua, chungulia mtutu, kwa sababu kizibo cha plastiki cha ndani ya risasi huenda kimebaki humo.

Ganda kukwama ndilo lalamiko kubwa, hasa risasi za bei ya chini zenye kitako cha chuma badala ya shaba. Chuma kikitanuka hakirudi vizuri, na ukali wa chemba unakishika. Funga sufi ya chuma namba 0000 kwenye kijiti, ipake mafuta, zungusha kwa drili ya mwendo mdogo chembani tu, dakika moja au mbili, mpaka ing'ae, kisha futa kila unyuzi. Lililokwama usilichokonoe kwa kisu ukaharibu ejekta, kile kipande kinachotoa ganda. Lisukume kwa fimbo ya mbao kutokea mdomo wa mtutu.