Hakuna aliyemwambia mjomba kwamba angeweza kukataa

Swali lenu la wiki lilikuwa: "Je, Katiba ya Marekani inamlinda hata asiye raia?" Kwenye karatasi jambo hili liliamuliwa zamani. Mwaka 1886, katika kesi ya Yick Wo iliyohusu madobi wa Kichina wa San Francisco, Mahakama ya Juu ilisema ulinzi wa sheria ni wa kila mtu aliye ndani ya nchi, si wa raia peke yao. Hilo nawaachia mawakili. Linalonikera mimi ni haki ya mlangoni, ya kumkatalia polisi anayeomba kupekua, ambayo hakuna anayelazimika kukuambia kwamba unayo.

Sisi ni watu wa Mombasa tunaoishi Ohio. Miaka kadhaa iliyopita, mchana wa Ramadhani, polisi wawili walibisha kwa mjomba wakimtafuta kijana wa ghorofa ya chini. Mjomba, mnawajua wazee wa Mji wa Kale, hawezi kumsimamisha mtu kizingitini. Akawaingiza, akawavutia viti. Mmoja akauliza kama ana neno wakitupa jicho ndani. Mjomba akasema, angalieni tu.

Jicho lenyewe lilichukua karibu saa nzima. Walifungua makabati, wakainua magodoro, wakafika kwenye sanduku la mkaza mjomba, ambalo hata wanawe hawaligusi. Leso zikatolewa moja moja. Chini wakakuta bahasha ya pesa za chama, maana zamu yake ilikuwa imefika wiki ile. Polisi akazimwaga kitandani, akazihesabu, akauliza ni za nani, akazihesabu tena. Na mwenyewe amefunga, kasimama na mwiko mkononi, sambusa zinaungua jikoni, anaeleza kwa Kiingereza cha kuungaunga chama ni kitu gani. Hawakuchukua kitu. Waliaga kwa adabu kabisa, leso wakaziacha pale pale kitandani. Jioni ile mtu na mkewe walifuturu kila mmoja na kona yake.

Msidhani mjomba ni mtu asiyesoma. Siku hizo alikuwa akijiandaa na mtihani wa uraia, na maswali yote 100 alikuwa nayo kichwani. Kulikuwa na moja lililotaka haki mbili za kila aishiye Marekani. Majibu yaliyokubaliwa yalikuwa kama uhuru wa kusema, wa kukusanyika, wa dini, mpaka kumiliki silaha. Mlango haukuwamo, ingawa Marekebisho ya Nne ya Katiba, yanayozuia upekuzi usio na sababu, yapo tangu 1791.

Kimya hiki kina baraka za mahakama. Ukikamatwa na kuhojiwa, tangu kesi ya Miranda ya 1966 lazima uambiwe una haki ya kunyamaza. Lakini polisi akiomba kupekua bila hati ya jaji, hukumu ya 1973, Schneckloth dhidi ya Bustamonte, haimlazimishi kukuambia unaweza kukataa. Ridhaa yako yatosha, mradi hukushurutishwa. Majaji 6 walikubali, 3 wakapinga, na mmoja wa waliopinga ni Thurgood Marshall, yule yule aliyekwenda London mwaka 1960 kuwashauri wajumbe wa Kenya na kuwaandalia rasimu ya haki za msingi. Aliona mtu hawezi kuchagua ikiwa hajui kwamba kuna la kuchagua. Niko naye.

Lakini kadiri ninavyoandika nalegea. Hata wangemwambia, mjomba angewaingiza vile vile. Kumfungia mtu mlango, kwake, ni aibu kuliko kupekuliwa. Na mahakama hiyo hiyo, katika Georgia dhidi ya Randolph ya 2006, ilisema mkaazi mmoja akikubali na mwenzake aliyepo hapo hapo akakataa, ridhaa ile haiwapi polisi ruhusa. Mkaza mjomba alikuwepo. "La" yake moja ingetosha. Alikosa tu wa kumnong'oneza.

Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, inalinda, tena zaidi ya nilivyokusudia kusema nilipoanza. Nasema hivyo kuhusu nyumbani tu: mpakani ni habari nyingine, na katika kesi ya uhamiaji serikali haikupi wakili. Wala sisemi kila polisi akiambiwa la hugeuka akaenda zake. Mkaza mjomba siku hizi huzungumza mlango ukiwa umefungwa, akitaka karatasi ipitishwe chini aone kama imesainiwa na jaji au na afisa wa uhamiaji tu. Mjomba analalamika kwamba anawafukuza hata wanaoleta vifurushi.