Kabla Hujazama Mererani, Hakikisha Umeandikwa

Juzi kijana mmoja wa Singida kanitumia ujumbe: "Kaka, niunganishe na shimo lolote Mererani, nipo tayari kwa chochote." Anataka machimbo ya tanzanite. Nilicheka, kisha nikanyamaza. Maneno hayohayo niliyasema nikiwa na miaka 22, nguo zangu mbili kwenye mfuko wa rambo.

Najua kinachowawasha. Mwaka 2020 mzee Laizer aliiuzia serikali mawe mawili ya tanzanite, moja kilo 9 na ushee, akalipwa zaidi ya shilingi bilioni 7. Sawa. Ila Laizer shimo lilikuwa lake. Wewe unakwenda kuwa mwanaapolo: mshahara huna, unakula ugali wa tajiri, yaani mwenye shimo, unasubiri asilimia siku jiwe litakapotoka.

Mimi nilizama miaka minne, na kwenye kuchoronga, yaani kutoboa mwamba, niseme tu ukweli, hawakunipata. Mita mamia chini, hewa inakuja kwa mpira wa kompresa, kinywe, lile vumbi jeusi, kinakuganda mpaka unabaki macho na meno. Ukitoka, unatema makohozi meusi siku mbili. Baruti ndiyo iliyonifundisha kuhesabu. Mmewasha nane, mnajibanza, mnahesabu. Zikilia saba, moja bado ni hai, harudi mtu pale, tajiri afoke atakavyo. Mwenzetu mmoja alihesabu vibaya. Hiyo siiandiki.

Mwaka wa nne nikaenda kumzika mama. Wiki tatu baadaye shimo likatema mawe. Kurudi, jina langu halimo kwenye daftari la mgao. Mwamba nimeutoboa mimi! Nikapewa elfu ishirini ya nauli, nami nikaipokea. Kuipokea kule kunaniuma kuliko mgao niliokosa.

Kwa hiyo dogo, jina na asilimia yako viandikwe mbele ya mashahidi kabla hujagusa ngazi. Choronga kwa maji, vumbi la mwamba likishaingia mapafuni halitoki. Moshi wa baruti uacheni uishe. Mvua zikianza, panda juu: mafuriko ya 1998 yaliwafuata watu humohumo mashimoni, wakafa makumi, na 2008 yakarudia. Na jina liandikwe. Vijana mnaambiwa hili mnaitikia "poa kaka", mnazama. Mungu anaombwa, ndiyo, lakini daftari halishiki yeye.

Nitakuunganisha. Njoo na kitambulisho, maana tangu ukuta wa kuzunguka machimbo ujengwe 2018 huingii kienyeji, getini lazima ukaguliwe. Kalamu ninayo mimi.