Kujitegemea kimuziki ukiwa Arusha

Mdogo wangu, umeuliza kama mtunzi anayeimba na gitaa lake anaweza kuishi kwa muziki hapa Arusha, bila lebo na bila kuhamia Dar. Anaweza, ila mwanzoni pesa haitoki redioni. Inatoka kwenye sendofu, harusi, hoteli za watalii na kumbi ndogo ambako watu wanakula huku wewe unaimba saa mbili mfululizo. Kusanya nyimbo zako na za wengine mpaka zikutoshe usiku mzima, utaitwa tena.

Kinachowaumiza wengi, na kinaniuma sana, ni makaratasi. Unaingia studio na wimbo wako, prodyuza anatengeneza biti, mnapeana mikono, basi. Wimbo ukishapendwa ndipo mnaanza kuulizana rekodi ni ya nani. Andikeni siku hiyo hiyo, hata kwenye ukurasa wa daftari: nani katunga maneno na melodi, nani katengeneza biti, nani anamiliki rekodi, mgao ukoje. Kila mmoja asaini. Kisha jisajili BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, na kazi yenyewe uisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, iliyoanzishwa kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999.

Kuhusu kuhama, X Plastaz, kundi la hip hop, walikuwa wa hapa hapa. Walichanganya rapu ya Kiswahili na uimbaji wa Kimaasai, wakapiga shoo mpaka Ulaya. Kama una wimbo umesharekodiwa bila maandishi, mfuate prodyuza wako wiki hii, kabla haujatoka.