Jibu: .22 ya bei nafuu ya kulenga shabaha mita 50

Kaka, umesema uko Ohio, unataka .22 LR (bunduki ya risasi ndogo za kipenyo cha inchi .22) ya kulenga karatasi mita 50 wikendi, na unasita kati ya Ruger 10/22 na Savage Mark II. Kwa kazi hiyo chukua Savage. 10/22 ni bunduki nzuri, iko sokoni tangu 1964 na vipuri vyake vimejaa kila mahali, lakini ni ya kujipakia yenyewe. Ukitaka ilenge kwa usahihi utaishia kununua mtutu mwingine na kifyatulio kingine, na unafuu wote umeyeyuka. Mark II ni ya bolti, yaani unaipakia kwa mkono kila risasi, na ile yenye AccuTrigger, kifyatulio cha Savage wenyewe, unaweza kurekebisha uzito wa kifyatulio mwenyewe. Ukiweza kuongeza hela kidogo, CZ 457 kutoka Ucheki ndiyo ningenunua mimi, bila kusita.

Ila usimalize pesa zote kwenye bunduki! Risasi ndizo zinazoamua. Kila mtutu wa .22 una risasi inayoupenda, hata bunduki mbili za modeli moja hutofautiana. Nunua boksi mojamoja za aina kadhaa, CCI Standard Velocity na SK Standard Plus ziwemo, kisha piga makundi ya risasi tano tano ukiegemeza bunduki kwenye mfuko wa mchanga, uone aina ipi matundu yake yanakaribiana zaidi. Zile za kasi kubwa achana nazo: zikishuka chini ya kasi ya sauti njiani, huyumba.

Darubini ya kawaida inatosha, mradi unaweza kuisawazisha kwa mita 50. Miwani na vizibo vya masikio nunua siku hiyohiyo.